Vumba na Shombo: Maelezo Mafupi juu ya Historia ya Kutoa Harufu katika Vyombo vya Mti

Wanafunzi wa sarufi ya Kiswahili hufundishwa mapema kwamba kitu kibaya hunuka na kitu kizuri hunukia. Tofauti hii imekwisha kuelezwa mara nyingi, wala sina la kuongeza juu yake. Nataka tu kuwaonyesha wasomaji jambo moja lililopitwa. Mwiko uliokorogea mchuzi wa samaki jana, kisha ukasafishwa na mtu ajuaye kazi yake, leo haunuki wala haunukii. Hali hiyo ya katikati haina kitenzi chake katika lugha yetu, na huenda ndiyo sababu kazi ya kuifikia haikupata mwandishi. Ni kazi iliyofanywa kila siku, katika kila nyumba ya pwani, kwa muda wa mamia ya miaka, na walioifanya walikuwa aghalabu wanawake. Katika makala haya nakusudia kueleza kazi hiyo ilivyokuwa, maneno yake, na kwa nini mpangilio wake wastahili kuandikwa kabla haujasahauliwa.

Yafaa kwanza kukumbuka wingi wa mti katika jiko la zamani. Chungu kilikuwa cha udongo, na kwa wenye mali sufuria ilikuwa ya shaba. Lakini karibu kila kilichoingia chunguni kilipita juu ya mti au kilishikwa kwa mti. Nazi ilikunwa juu ya mbuzi, ambayo ulimi wake ni chuma na kiti chake ni ubao. Mpunga, bizari na vitunguu thaumu vilitwangwa kinuni kwa mchi. Wali ulipakuliwa kwa mwiko, mchuzi kwa upawa wa kifuu wenye mpini wa mti, na chakula kikaandaliwa katika chano. Samaki alikatwa juu ya kibao, na nyama juu ya gogo. Basi mti una tabia isiyokuwa ya shaba wala ya udongo uliopakwa rangi ya kioo: mti hunywa. Hunywa zaidi pale nyuzi zake zilipokatwa, yaani kwenye ncha ya mwiko na kitakoni mwa kinu, na kidogo ubavuni. Ukishalowa hufura, na ukikauka hurudi. Na katika kufura na kurudi huko hufunga ndani yake mafuta na majimaji ya chakula. Ndiyo maana harufu ya jana hutoka leo wakati wa mvuke wa moto, hali mwiko ulipokuwa baridi haukunuka hata kidogo.

Lugha iliziona harufu hizi na ikazitenga. Uvundo ni wa kitu kilichooza au kilichofungiwa na unyevu. Nazi na wali uliolala husemwa vimechacha. Kwa samaki tuna maneno mawili, vumba na shombo, na hapa nadhani kamusi zetu zimefanya haraka, kwani huyaeleza yote mawili kwa harufu ya samaki kama kwamba ni kitu kimoja. Tusikilize watu wasemavyo. Apitaye karibu na diko husema pananuka vumba. Aliyekwisha kuparua samaki husema mikono yake ina shombo, wala si lazima pawe na samaki yeyote hapo alipo. Kwa rai yangu, vumba ni harufu ya samaki na ya mahali pake, na shombo ni harufu ile iliyohamia: imeshika mkono, nguo, kisu au mwiko, na yataka kuondolewa. Vumba mtu huiondokea. Shombo huenda nayo. (Jina la mji wa kale wa Vumba, karibu na Vanga, naliacha kando, kwa maana majina ya miji hayathibitiki kwa kufanana sauti peke yake.)

Shombo gumu kuliko yote lilikuwa la papa. Kila mwaka majahazi ya kusi mwa Bara Arabu yalishuka na pepo za kaskazi, na miongoni mwa shehena zao, pamoja na tende na chumvi, alikuwamo papa mkavu wa kuuzwa Unguja na mrima. Kwa watu wengi wasio na uwezo wa kununua nyama huyo ndiye aliyekuwa kitoweo. Elimu ya kemia yatueleza sababu ya ukali wake. Mwili wa papa huhifadhi ureya nyingi ili kushindana na chumvi ya bahari, na baada ya kufa ureya hiyo hugeuka amonia. Tena, samaki wa baharini kwa jumla wana kitu ambacho vijidudu hukigeuza kuwa trimethilamini, na hiyo ndiyo roho ya vumba. Amonia na trimethilamini zote mbili ni za upande mmoja na majivu na magadi, yaani si za upande wa ndimu na siki. Namwomba msomaji aliweke jambo hili moyoni, kwa sababu hoja yangu yote yalitegemea.

Wageni walioandika habari za pwani katika karne ya 19 hawakukosa pua. David Livingstone, alipokuwa Unguja mwaka 1866, aliulalamikia uvundo wa ufuo wa mji kwa maneno makali, na Richard Burton katika kitabu chake cha mwaka 1872 hakuwa mpole zaidi. Lakini pua zao ziliishia ufuoni na sokoni. Uani, palipo jiko, hawakuingia, na kwa mila za nyumba zile wasingeruhusiwa kuingia. Kwa hiyo tumeachiwa picha ya mji unaonuka, bila habari ya watu waliokuwa wakipigana na harufu hiyo asubuhi na jioni.

Waandishi wa kamusi walifanya vizuri zaidi. Kitabu cha Steere cha mwaka 1870, kamusi ya Krapf ya mwaka 1882, ya Madan ya mwaka 1903, na baadaye za Johnson na Sacleux zilizoanza kutoka mwaka 1939, zote zimejaa vyombo vya jikoni, na tungekuwa maskini bila ya kazi hiyo. Hata chicha, yaani nazi iliyokwisha kukamuliwa tui, haikusahauliwa: imeandikwa kwamba watu walijisugulia mikono kwayo kuondoa mafuta. Hata hivyo kamusi kwa tabia yake hupanga maneno kwa herufi. Kuanika kuko mwanzo wa kitabu, majivu katikati, ndimu kurasa chache mbele, na kusugua karibu na mwisho. Mkono wa mpishi haukufuata herufi. Ulikuwa na mpangilio wake mwingine, na kamusi, kwa kuhifadhi kila neno mahali pake, imeutawanya mpangilio huo bila kukusudia.

Mpangilio nilioujua mimi ni wa nyumba ya bibi yangu mzaa mama, Pangani. Mwiko ukitoka chunguni haukuachwa hata kidogo kulala majini. Kwanza ulikwanguliwa kwa kipande cha kifuu, kisha ukasuguliwa kwa majivu ya jikoni yaliyochungwa na kuloweshwa kidogo, kwa fumba la nyuzi za makumbi. Hapo, kama ulikuwa mwiko wa samaki, harufu ilizidi badala ya kupungua. Nakumbuka nikiwa mtoto nilisema, "Bibi, mbona sasa wanuka kuliko kwanza?" Akanijibu, "Uache utoke, mume wangu. Kinachonuka nje hakimo tena ndani." Baada ya hapo aliusuza kwa maji mengi mpaka utelezi wa majivu ukaisha, na alikuwa akiupitishia kidole kuhakikisha. Ndipo alipochukua kaka la ndimu iliyokwisha kukamuliwa, akalichovya chumvi ya mawe, akausugua mwiko kwa urefu wa nyuzi zake, wala si kwa mapana. Akauacha kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Akausuza tena. Mwisho aliuanika, ukiwa umesimama, ncha juu, mahali penye upepo. Na jua kali aliliruhusu mwishoni tu.

Sikuelewa wakati ule kwamba kila hatua ilikuwa mahali pake kwa sababu. Majivu ya kuni yana potasiamu kaboneti, ambayo ikichanganyika na maji huyashambulia mafuta na kuyageuza kuwa kitu cha jamii ya sabuni. Mafuta ndiyo yaliyoifunga harufu ndani ya mti. Yakitolewa, harufu hukosa maficho. Lakini majivu na trimethilamini ni wa upande mmoja, kwa hiyo majivu hayaiui, bali huifukuza ikapanda hewani. Ndiyo ile harufu iliyonishangaza. Ndimu ni ya upande wa pili. Asidi yake huishika trimethilamini iliyosalia na kuigeuza kuwa chumvi isiyoweza kuruka hewani, nayo huyeyuka majini ikasuzwa ikaenda zake. Ama jua, hilo hukausha na hufukuza kilichobaki, lakini likiukuta mti bado una mafuta huyaharibu mafuta hayo upesi, na mwiko hupata uvundo mpya mbaya kuliko shombo la kwanza. Basi ukianza na jua umekosa. Ukianza na ndimu juu ya mafuta, ndimu haifiki ndani. Na ukichanganya majivu na ndimu kwa pamoja, kila kimoja humvunja nguvu mwenziwe, ukabaki na tope lisilofaa kwa lolote.

Hili la mwisho si dogo. Siku hizi yapo mashauri mengi yamwambiayo mpishi achanganye soda ya kuokea na maji ya limau, apake juu ya kibao, atazame povu. Povu hilo hupendeza macho. Lakini kuchemka kwake ndiko kuvunjana kwa vitu viwili hivyo, na povu likiisha kilichosalia ni karibu na maji ya chumvi. Wale wasiojua kusoma waliozitenga hatua hizi mbili, wakaweka suuzo la maji kati yake, walikuwa karibu zaidi na kweli. Sisemi kuwa walijua kemia. Nasema walikuwa na miaka mingi ya kujaribu, na pua zisizowasamehe.

Kinu kilikuwa na sheria yake. Kinu kizito hakigeuzwi ovyo, na maji yakituama kitakoni hupasua mti. Kwa hiyo kinu kilisafishwa kwa kazi yake yenyewe: kilitwangwa. Wishwa mkavu, au konzi ya chenga za mchele pamoja na chumvi ya mawe, ulitwangwa ndani mpaka ukawa unga, na unga huo ukayanywa mafuta ya bizari na maji ya thaumu yaliyokuwamo. Kisha ukamwagwa, na hatua ikarudiwa mpaka unga utoke bila rangi na bila harufu. Kinu kipya pia kilipitishwa katika kazi hiyo, ili kuondoa vumbi na harufu ya mti wenyewe. Wachongaji wema walipendelea mwembe au mfenesi, miti isiyotia chakula uchungu. Lakini kinga kubwa ilikuwa kutenga. Nyumba iliyojiweza ilikuwa na kinu cha nafaka na kinu kidogo cha viungo, na mwiko wa samaki haukuingia katika maziwa wala katika uji wa mzazi. Neno mwiko, kama tujuavyo, ni chombo na pia ni katazo. Sitaki kudai kuwa maneno hayo mawili yana asili moja. Natosheka kusema kuwa jikoni yalikaa pamoja bila kugombana.

Pamoja na pua, palikuwa na sheria ya dini, na hapo twapata ushahidi wa maandishi. Watu wa pwani wengi ni wa madhehebu ya Shafii, na katika vyuo vya Kurani watoto wengi walisomeshwa Safinat an-Naja, kitabu kidogo cha fikihi cha Salim bin Sumair wa Hadhramaut, aliyeishi karne ya 19. Humo imeandikwa kuwa najisi yenye kuonekana huoshwa mpaka iondoke rangi yake, harufu yake na ladha yake. Samaki si najisi, kwa hiyo shombo ni karaha tu. Lakini damu ya mnyama aliyechinjwa, iliyomwagika juu ya gogo la nyama, ni jambo jingine. Mti ukishaimeza damu, mtu ataosha mpaka lini? Vitabu vikubwa vya madhehebu vilijibu swali hilo kwa huruma: ladha ni lazima iondoke, lakini rangi peke yake au harufu peke yake, ikiwa ni vigumu kuiondoa, husamehewa, yakibaki yote mawili pamoja hayasamehewi. Twaona basi kuwa harufu kaidi ilikuwa suala la wanazuoni kama ilivyokuwa suala la wapishi, na kwamba wanazuoni walikubali kuwa kuna kiasi ambacho mkono wa mwanadamu hauwezi kukivuka. Bibi yangu hakukubali. Alisema sheria imemwachia Mungu kusamehe, si mgeni aliyealikwa kula.

Tukiacha pwani na kwenda bara, kwa wafugaji, twakuta njia nyingine kabisa. Pale shida si samaki bali maziwa, ambayo huingia katika mti na katika kibuyu, yakachacha na kukichachisha kila kitiwacho baadaye. Wanyankole wa magharibi ya Uganda huvifukiza kwa moshi wa nyasi vyombo vyao vya maziwa vilivyochongwa kwa mti. Wakalenjini wa Kenya husugua ndani ya kibuyu kwa kaa la mti waujuao kwa jina la senetwet, kabla ya kutia maziwa ya mursik, na Wamasai hutumia kijinga cha mzeituni wa mwitu. Kaa hunyonya harufu, na moshi una vitu vinavyozuia vijidudu visizaane. Lakini tofauti kubwa kwa mtazamaji wa lugha ni hii: mfugaji hataki chombo kisichonuka wala kunukia. Anataka kinukie, na harufu ile ya moshi huhesabiwa kuwa sehemu ya utamu wa maziwa. Mtu wa pwani ameifukiza mitungi yake ya maji kwa ubani na udi, kwa nia iyo hiyo, lakini mwiko na kinu hakuvifukiza. Mtungi una kitu kimoja ndani yake siku zote. Mwiko huenda kila mahali, na mwenda kila mahali hatakiwi kuwa na harufu yake mwenyewe.

Kilichouvunja mpangilio wa zamani hakikuwa kimoja. Sabuni ya kiwandani na magadi yalipopatikana kwa urahisi (kampuni ya kuchimba magadi katika ziwa la jina hilo, Kenya, iliundwa mwaka 1911) majivu yalianza kuonekana kuwa ya kimaskini. Magadi ni makali kuliko majivu, na yakizidishwa huutia mti weusi na kuulegeza nyuzi. Sufuria za aluminiamu, na baadaye vyombo vya plastiki, vikachukua nafasi. Mafunzo ya usafi ya wakati wa ukoloni yaliutazama mti kwa shaka, na shaka hiyo ikaendelea baada ya uhuru, ikaonekana kuwa ndiyo sayansi yenyewe. Kwa bahati, sayansi iliulizwa baadaye. Dean Cliver na wenziwe wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walitoa mwaka 1994 matokeo ya majaribio yao juu ya vibao vya kukatia: vijidudu vilivyowekwa juu ya ubao wa mti vilizama na baada ya muda havikuweza kupatikana tena wakiwa hai kwa urahisi, hali vile vya juu ya plastiki, hasa iliyokwisha kuchanjwa na kisu, vilidumu. Kule kunywa kwa mti, kulikodhaniwa kuwa aibu yake, kulikuwa kwa kiasi fulani kinga yake, alimradi mti ukauke.

Si kwamba wazee hawakukosea. Wengine walisugua kwa mchanga, na mchanga hung'arisha mwiko leo ukauachia mikwaruzo ya kuficha chakula kesho. Na kinu kilichopasuka kilizibwa kwa nta kikaendelea kutumika, jambo ambalo nisingelishauri mtu.

Maneno yenyewe yapo bado, lakini yameanza kutengana na kazi zake. Kwa vijana wengi wa mijini kaka la ndimu ni takataka tu, wishwa hawaujui kwa kuwa mchele hununuliwa umekwisha kukobolewa, na kusuza na kuosha yamekuwa sawasawa. Kwa hiyo nina ombo moja kwa wenzangu watakaoshughulikia kamusi zijazo. Chini ya shombo, pamoja na samaki, watajwe mkono na mti. Na chini ya kusuza ielezwe kuwa ni kupitisha maji baada ya kitu kimoja na kabla ya kingine.